Kaskazini ya Mwalimu Otiende

Mgeni alifika katikati ya kipindi cha pili, siku ya Jumanne, na hakuna aliyekuwa akimtarajia. Alisimama mlangoni mwa Gredi ya Nane, mwavuli mweusi mkononi na gambuti zimejaa matope mekundu, akangoja kwa subira kama mtu aliye kwenye foleni ya kupimiwa majani chai. Mwalimu Otiende wakati huo alikuwa katikati ya Bahari ya Hindi. Alikuwa amepanua mikono yote miwili ubaoni, mmoja Mombasa na mwingine Mumbai, na chaki imemchafua hadi kwenye kiwiko.

"Karibu, Mzee. Nikusaidie?"

"Naitwa Anyona. Mimi ni babu ya huyu Linda. Sitakaa, ng'ombe haijakula. Niko na swali moja tu."

Watoto waligeuka wote kumtazama Linda, msichana wa dawati la mbele, naye akainamia daftari lake kana kwamba limeandikwa kitu kipya.

"Uliza tu, Mzee. Hapa hatuogopi maswali," Otiende alisema, akatabasamu lile tabasamu alilojifunza chuoni wakati wa mazoezi ya kufundisha, la mwalimu mwenye moyo mkubwa.

"Kwenu kule ziwani, jua inatoka upande gani?"

"Mashariki, Mzee."

"Na hapa kwetu?"

"Mashariki pia. Jua ni lile lile, hatujaletewa lingine." Darasa lilicheka, naye Otiende akaona kipindi kinakwenda vizuri.

"Nashukuru. Sasa toka unionyeshe hiyo mashariki kwa mawe yako."

Mawe aliyoyasema mzee yalikuwa nje, kwenye uwanja wa gwaride, na ndiyo yaliyokuwa fahari ya Otiende. Ilikuwa ramani ya dunia nzima, hatua ishirini kutoka Alaska hadi Siberia. Watoto arobaini na wawili walikuwa wamebeba mawe kutoka mtoni kwa wiki nne, wakayapaka chokaa, wakayapanga kwenye pwani za mabara yote. Bahari zilikuwa maranda ya seremala yaliyotiwa buluu ya kufulia. Ikweta ilikuwa kamba ya katani. Australia ilitoka kama mkate ulioumwa upande mmoja, na New Zealand haikuwepo kabisa kwa sababu mawe yaliisha na watoto walikuwa wamechoka. Pembeni palikuwa na dira kubwa ya mawe, mshale wake mwekundu ukionyesha kaskazini. Ramani nzima ilikuwa imelazwa kwa kuufuata mshale huo, ili mtoto akisimama juu ya Kenya na kunyoosha kidole kuelekea India, kidole kielekee India yenyewe. Hilo ndilo lililomfurahisha Otiende kuliko yote. Usiku wa kuamkia siku ya kupanga jiwe la kwanza hakulala vizuri, kwa furaha. Wanafunzi walimwita Tichaa Dunia, naye alijifanya hapendi.

Mzee Anyona alisimama juu ya maranda ya Atlantiki, akainua mwavuli.

"Jua imetoka pale leo, nyuma ya kituo ya kununua chai. Jana pia. Na mwezi huu wa tatu inatoka katikati kabisa ya mashariki, haiendi kando. Nilibeba mnyororo ya wapimaji wa ardhi miaka sita, walikuwa wanatuonyesha. Lakini mawe yako inasema pale karibu ni kusini. Huyu mtoto ameniambia mbele ya wageni kwamba mimi sijasoma, mwalimu wake ako na digrii. Sawa, sijasoma. Sasa nisomeshe."

Darasa zima lilikuwa limejazana madirishani. Otiende alitazama kituo cha chai, akatazama mshale wake, akatazama kituo tena. Mtu mwingine angesema, ngoja nipime. Maneno hayo ni mafupi na hayana ushuru. Lakini kulikuwa na jozi arobaini na mbili za macho nyuma yake, na digrii iliyokuwa imetajwa, na umri wa miaka ishirini na minne, ambao kwa mwanamume ni umri mbaya sana wa kukosolewa hadharani.

"Mzee," alisema, "hiyo inasababishwa na mkengeuko wa sumaku."

"Nini ya sumaku?"

"Mkengeuko. Ndani ya dunia kuna chuma kilichoyeyuka. Kinavuta. Kwa hiyo kaskazini ya sumaku na kaskazini ya macho hazilingani. Ni jambo la kitaalamu kidogo."

Kila neno peke yake lilikuwa kweli, na hapo ndipo ubaya wake ulipokuwa. Otiende alijua vizuri kabisa kwamba katika milima ile mkengeuko huo haufiki hata digrii mbili. Alikuwa amejibu swali hilo kwenye mtihani wa mwaka wa pili na kupata alama zote.

Mzee Anyona alilitafuna lile neno kimya kimya, midomo ikicheza. Kisha akateremsha mwavuli.

"Wapimaji hawakutuambia hiyo," alisema. "Basi sawa, mwalimu."

Akageuka kuondoka. Dirishani mvulana mmoja alisema, "Sumaku imemmaliza mzee," na kicheko kikalipuka darasani kama mahindi kwenye sufuria. Otiende aliinua macho akitafuta uso wa Linda. Alikuwa akicheka pia, kidevu juu, kama mtu ambaye timu yake imefunga bao.

Kabla hatujamhukumu kijana huyu, afadhali tueleze kosa lake lilitoka wapi, kwa sababu halikutoka kwenye uvivu. Otiende alizaliwa Karachuonyo, karibu na Kendu Bay, ambako ziwa liko kaskazini. Mlango wa nyanya yake ulitazama ziwa. Upepo wa mchana ulitoka ziwani, mbuzi waliopotea walipatikana ziwani, na mtoto aliyeulizwa kaskazini ni wapi alinyoosha mkono kwenye maji bila kufikiri. Chuo kikuu hakikumsaidia. Huko alichora ramani mia kwa kompyuta, na kwenye kompyuta kaskazini ni juu ya kioo, mashine haimuulizi mtu amesimama wapi.

Halafu Januari akapelekwa Nyamira kuwa mwalimu mwanagenzi katika shule iliyo mlimani, mwendo mfupi wa bodaboda kutoka Ekerenyo. Asubuhi ya kwanza aliamka akiwa mpweke sana, kila mtu akizungumza Ekegusii haraka haraka na kuna ukungu hadi kwenye kikombe. Ukungu ulipoondoka aliona, mbali chini ya milima, mstari mwembamba unaong'aa. Ziwa. Kidogo machozi yamtoke. Alipoingia darasani na mtoto mmoja akamuuliza kaskazini ni wapi, mkono wake uliinuka wenyewe kuelekea kule. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mtu akipanda milima ya Kisii, ziwa humhama kuelekea magharibi.

Baada ya shule siku ile ya Jumanne, alijaribu kuamini kwamba mzee ndiye aliyekosea. Aliingiza dira kwenye simu. Simu ikamtaka achore namba nane hewani ili ijipange, naye akasimama katikati ya Afrika akichora nane kubwa kubwa kwa mkono, mara tatu, mara nne.

"Mwalimu," mpishi Josiah aliita kutoka jikoni, "netwaki ya hapa inapatikana pale nyuma ya choo."

"Asante, Josiah. Natafuta kitu kingine."

Simu ilionyesha kaskazini kwenye ghala la mahindi. Akaizima, akaiwasha. Ghala la mahindi. Akasogea mbali na mlingoti wa bendera, labda chuma kilikuwa kinaivuruga. Ghala la mahindi, na bila haya.

Kesho yake, Jumatano, alifika shuleni kabla ya mtu yeyote, akachomeka kijiti ardhini. Aliweka kokoto kwenye ncha ya kivuli, akasubiri, baada ya muda akaweka nyingine, akaunganisha kokoto mbili kwa kamba. Kamba hiyo ndiyo mashariki na magharibi, mtoto wa Gredi ya Nne anaweza kuipata. Zoezi hilo lilikuwa kwenye mpango wake wa wiki ya tatu. Alikuwa ameliruka kwa sababu halikuwa na rangi. Sasa aliweka kipimapembe chake cha ubaoni kati ya kamba na mawe, akasoma, akafuta macho, akasoma tena. Digrii sitini.

Digrii sitini si kosa dogo la kijana anayeanza kazi. Alipiga hesabu. Mtoto aliyenyoosha kidole kuelekea London kwa mawe yale, akakifuata hadi mwisho, angetua kwenye msitu wa Amazon. Wiki tano alikuwa amewafundisha watoto arobaini na wawili kupotea kwa ustadi mkubwa.

Na Ijumaa, tarehe ishirini na moja, shule ilikuwa na wageni. Ofisa wa elimu, Bwana Walter Mogaka, alikuwa anakuja kutazama ramani pamoja na wazazi. Akiipenda, ingeandikwa kwenye maonyesho ya kaunti. Na mwalimu mkuu, Madam Gesare, alikuwa amesema, si mara moja, kwamba baada ya Ijumaa ataiandikia tume ya walimu barua ya kumpendekeza Otiende aajiriwe, wakati wanagenzi wengine wakingoja bila kuambiwa chochote.

Jumatano alasiri Otiende aliamua kwenda kumwomba Mzee Anyona msamaha. Aliona ni jambo la kiungwana, na pia, tuseme ukweli, ni jambo ambalo lingemalizika baina ya watu wawili. Aliuliza njia kwa mama aliyekuwa akichuma chai.

"Panda," mama alimwambia. "Ukichoka, shuka. Ukifika maji, umepita."

Hakuna aliyemtajia kusini wala kaskazini. Katika milima ile watu huenda juu na hushuka, na mashamba nayo ni vipande virefu vinavyoanzia barabarani juu na kwenda kuishia mtoni, kwa hiyo mtu akijua juu na chini ameshajua karibu kila kitu. Otiende alipanda, akachoka, akashuka, akafika maji, akarudi.

Alimkuta mzee akikatakata majani ya ng'ombe. Linda alikuwa kando, akimenya ndizi mbichi za kupika.

"Tichaa Dunia," Linda alisema, akasimama kwa furaha. "Umejuaje kwetu?"

"Nimepotea mara moja tu."

"Kaa, omomura," mzee alisema kwa Ekegusii, kama mtu anayemwita kijana wake, akamvutia kigoda. Hakuacha kukata. "Umeleta hiyo sumaku?"

Otiende alikuwa ameandaa maneno njiani, yote yamepangika, yana utangulizi na hitimisho. Yalitoweka. "Mzee, mawe yangu yamekosea. Nimepima leo. Ulisema kweli."

Panga lilisimama. "Kwa ngapi?"

"Digrii sitini."

Mzee alimtazama kwa heshima mpya, ile tunayompa mtu aliyeanguka kutoka mahali pa juu sana. "Sitini," alisema. "Siku moja kijana wetu wa mnyororo alikosa kwa mbili, mpimaji akamfukuza. Sitini unahama hata tarafa."

"Nimekuja kukuomba msamaha."

"Mimi?" Alirudi kwenye majani yake. "Mimi najua jua inatoka wapi. Haujanipoteza. Ongea na huyo."

Linda alikuwa amesimama na kisu na ndizi iliyomenywa nusu. Hakuonekana kukasirika. Alionekana akihesabu kitu kichwani.

"Kwa hivyo Doha si pale?" aliuliza, akanyoosha kisu kuelekea upande wa mto.

Otiende alikuwa akijua kwamba mama yake Linda anafanya kazi za nyumbani Qatar, alikuwa amelisoma kwenye fomu. Hakuwa akijua lile alilokuwa karibu kuambiwa, na mzee ndiye aliyelisema, bila kugeuka.

"Kila asubuhi anasimama hapo kwa mlango anasalimia mama yake. Kwa kidole, vile ulimfundisha. Nilimwambia, mtoto, Uarabuni iko upande wa jua, unasalimia Uganda. Ndipo akaniambia sijasoma."

"Nilikuwa nasalimia Uganda?" Linda aliuliza.

"Uganda kwanza," Otiende alisema kwa sauti ndogo. "Halafu Sudan Kusini."

Alitegemea atalia, na alikuwa tayari kulia naye. Badala yake msichana akaanza kukwaruza ganda la ndizi kwa ukucha.

"Mwalimu, na ile ya sumaku?"

"Sumaku ipo. Lakini hapa haifiki hata digrii mbili."

"Uliijua hiyo siku ile?"

Otiende alifikiria jibu la kati na kati. Lilikuwepo, lilikuwa hata zuri. "Niliijua," alisema.

"Na tukamcheka sokoro," Linda alisema. Alimtazama babu yake mgongoni, kwenye shati lililofifia, na uso wake sasa ukabadilika. "Mimi ndiye nilicheka sana. Huyo Brian alisema tu, mimi ndiye nilicheka."

"Acha hiyo," mzee alisema.

"Siachi. Mwalimu, utawaambia?"

"Nitawaambia."

"Lini? Kesho ni mazoezi ya nyimbo na kupaka chokaa. Ijumaa mnapigiwa makofi, halafu mnafunga shule. Mtu akishapigiwa makofi hasemi tena."

Miaka kumi na mitatu, na alikuwa ameshamjua hivyo. "Ijumaa," Otiende alisema. "Kabla mtu yeyote hajapiga makofi."

"Na ile ya sumaku pia?"

"Na ile ya sumaku pia."

"Sema ahadi."

"Ahadi."

Mzee Anyona alikusanya majani, akayabeba kumpelekea ng'ombe. "Mwalimu asiondoke bila kula," alimwambia mjukuu wake. "Ajifunze pia kwamba kuna chakula isiyo samaki."

Alhamisi asubuhi Otiende aligonga mlango wa Madam Gesare. Ofisini palijaa viti vya kukodi, na mwalimu mkuu alikuwa akihesabu sahani kwa midomo. Alimsikiliza hadi mwisho, sahani mkononi.

"Sitini ni nyingi?" aliuliza.

"Ni nyingi, Madam. Nimefikiri, tukiwapa watoto siku ya leo tunaweza kugeuza…"

"Kugeuza dunia? Leo?" Aliweka sahani chini taratibu. "Otiende, baba. Unaona hiyo mvua ya jana ilivyoosha Pasifiki? Nimetuma watu wakatafute maranda mapya. Hema linakuja saa nane. Ofisa hana dira mfukoni, na kesho mawingu yatakuwa mpaka kwa magoti. Likizo ikifika, geuza hiyo dunia yako hata iangalie chini. Kesho nyamaza."

"Nimewaahidi watoto nitasema."

"Watoto gani?"

"Mmoja."

Madam Gesare hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomfanya awe mgumu kujibiwa. Alikuwa amemtafutia Otiende chumba cha kupanga na kumpa blanketi la tatu alipougua baridi. Alifungua droo, akatoa karatasi iliyopigwa chapa, akaiweka mezani ili aione vizuri.

"Hii ni barua yako. Imebaki sahihi. Nilitaka niitie kesho jioni nikiwa nimefurahi. Nafikiri umenielewa."

"Nimeelewa, Madam."

Alielewa hata zaidi ya alivyotaka. Siku nzima ya Alhamisi, watoto wakiimba na kupaka chokaa upya mawe yaliyokosewa, Otiende alitafuta njia ya kuitimiza ahadi bila kuitimiza. Angeweza kusema kwa maneno ya kitaalamu, watu wasielewe. Angeweza kusema wakati spika zinavuma. Angeweza kusema kwamba ramani ni ya mfano tu, ambayo ingekuwa kweli, kama vile sumaku ilivyokuwa kweli. Alijishangaa jinsi alivyokuwa na kipaji.

Ijumaa mawingu yalikuwa chini kama Madam Gesare alivyotabiri. Jua halikuonekana kabisa, na siku hiyo hata Mzee Anyona asingeweza kuinua mwavuli wake na kuonyesha kitu. Wazazi walikaa chini ya hema. Bwana Walter Mogaka alifika akiwa na faili jekundu na viatu vilivyong'aa mno kwa uwanja ule. Aliizunguka ramani polepole, akakanyaga Brazil kwa bahati mbaya, akaomba radhi kwa Brazil, na wazazi wakacheka. Alikuwa mtu mzuri. Otiende alitamani angekuwa mkali.

"Nimetembelea shule ishirini na tatu," Mogaka alisema. "Kuna mahali wameniletea dunia ya maboksi, kuna mahali wamenionyesha picha kwa simu. Hapa naona mtoto anasimama juu ya dunia na kujua yuko wapi. Nani atanionyesha?"

Madam Gesare alikuwa ameshapanga. "Linda, simama Kenya."

Linda alitoka kwenye mstari, sketi imepigwa pasi, akasimama juu ya Kenya. Miguu miwili ilitosha nchi nzima.

"Nitajie nchi moja tu," Mogaka alimwambia kwa upole. "Nchi yoyote unayopenda. Onyesha iliko."

Mkono wa Linda haukuinuka. Hakumtazama ofisa, wala mwalimu mkuu, wala babu yake aliyekaa safu ya pili na mwavuli katikati ya magoti. Alimtazama Otiende.

"Ana haya," Madam Gesare alisema, akicheka. "Wasichana wetu hawa. Lakini anajua yote, Bwana Mogaka. Wacha tuwapigie kwanza kilo moja ya makofi, watachangamka."

Ofisa alikubali, akabana faili kwapani ili mikono iwe huru. Wazazi waliweka chupa za soda chini. Viganja mia viliinuka hewani, na ilikuwa katika nafasi hiyo ndogo kabla havijakutana ambapo Otiende, ambaye alikuwa na hotuba mfukoni, aliisahau hotuba akainua mkono juu kama mtoto anayeomba ruhusa kwenda msalani.

"Ndiyo, mwalimu?" Mogaka alisema, viganja vyake bado vimeachana.

"Samahani. Msipige kwanza." Sauti ilitoka nyembamba. Alikohoa. "Ramani hii imekosea. Kaskazini si pale. Kaskazini ni kule kwenye ghala la mahindi. Kosa ni la kwangu, si la watoto. Wao walibeba mawe mahali nilipowaambia."

Wazazi wa safu ya mbele waliwageukia wa nyuma, wakawaelezea kwa Ekegusii.

"Umekosea kwa kiasi gani?" ofisa aliuliza.

"Digrii sitini."

Bwana Mogaka alitazama mshale mwekundu, akatazama ghala la mahindi. Alichukua faili kutoka kwapani, akalifungua, akatafuta ukurasa, akalikata jina la shule kwa mstari. Haukuwa mstari wa hasira. Ulikuwa mstari wa mtu anayefanya kazi yake, na ulichukua muda mfupi sana. Otiende alihisi kwamba Madam Gesare anamtazama, akajizuia asigeuke, kwa sababu alikuwa na sentensi moja zaidi na asingeweza kuisema akiwa ameuona uso huo.

"Mwalimu, nakushukuru kwa kusema," Mogaka alisema. "Tunaweza kuendelea na nyimbo?"

Hapa palikuwa mahali pazuri pa kukaa chini. Mtu aliyekiri kosa hupendwa kidogo, na Otiende alikwisha kuliona pendo hilo kwenye nyuso mbili tatu za akina mama. Yaliyobaki ndiyo yangeliondoa.

"Bado kuna la pili," alisema. "Jumanne Mzee Anyona alikuja darasani akanionyesha kosa hili. Yule pale. Nilimjibu kwamba ni mkengeuko wa sumaku."

Katika safu ya pili, mzee aliutazama mwavuli wake kwa makini sana.

"Si sumaku. Hapa sumaku haifiki digrii mbili, na nilijua haifiki. Sikutaka mliokuwa dirishani mwone kwamba sijui kaskazini, kwa hivyo nikatafuta neno ambalo Mzee hakuwahi kulisikia, nikamtupia. Mlimcheka. Mliyepaswa kumcheka ni mimi."

Gredi ya Nane walitazamana, hawajui kama wameruhusiwa kucheka. Kisha Brian, yule wa dirishani, akaguna puani, na mwenzake akaguna, na wote wakaangua kicheko, wakishikana mabega, wakisema "sitini" na "ghala la mahindi". Madam Gesare aligonga meza mara mbili kuwanyamazisha. Otiende alimwonyesha kwa mkono kwamba awaache, akabaki pale pale pembeni ya Afrika, mikono ubavuni, hadi walipomaliza.